Mwalimu mpya, usianze na fimbo, anza na majina

KILA ifikapo Januari, shule za msingi za jiji letu la Dar es Salaam hupokea wageni wa aina mbili kwa mara moja. Wa kwanza ni watoto wa darasa la kwanza, wenye sare zilizowazidi kimo na mabegi yanayowagonga visiginoni. Wa pili, kama ajira zimetoka, ni walimu wapya, vijana waliotoka chuoni na vyeti vyao kwenye bahasha ya kaki. Wale wa kwanza hulia waziwazi mlangoni. Hawa wa pili nao hulia, ila hulia usiku, kwenye chumba cha kupanga, baada ya kuonyeshwa darasa lao.

Nayasema haya kwa kuwa nimefundisha shule za msingi za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa ikiwa Temeke na Kinondoni, na sasa nimestaafu, nipo Sinza. Mtaani kwetu, si mbali na barabara ya Shekilango, vyumba vya uani vimejaa vijana wa kazi mbalimbali, na walimu hawakosekani miongoni mwao. Baada ya Magharibi hunijia mmoja mmoja. "Shikamoo mwalimu." Nikishaitikia marahaba, swali huwa lile lile: nifanyeje na watoto wengi namna hii? Nimeona niyaandike ninayowajibu ili yamfikie na yule asiyejua kibaraza changu kilipo. Mzazi na ustaadhi wa madrasa nao wana fungu lao humu.

Tuanze na hilo la wingi, kwani ndilo linalowavunja moyo. Sera ya nchi inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Katika shule nyingi za jiji hili, mwalimu wa darasa la kwanza akipata watoto 45 atadhani wengine wamefukuzwa. Sababu si siri. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 na mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002, wanafunzi wa shule za msingi nchini walipanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Tulijenga madarasa, tukachimba vyoo, madawati yakaja, na bado watoto wakatuzidi. Wimbi jingine likaja Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliohusu elimu bila malipo. Mimi sizilaumu hatua hizo hata kidogo. Mtoto wa muuza mihogo aliingia shule kwa sababu yake. Ninachosema ni kuwa mwalimu mpya asipoteze mwaka akisubiri darasa la watoto arobaini alilolizoea kwenye vitabu vya chuo. Darasa lake ni hili hili alilopewa.

Na hapa Sinza kuna jambo ambalo mgeni halijui. Watu hudhani Sinza ni mtaa wa wenye nafasi tu, kwa kuwa viwanja vyake vilipimwa na kunyooshwa katika ule mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Lakini wenye nafasi wengi huwapandisha watoto wao mabasi ya shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza. Katika shule ya serikali ya maeneo haya utamkuta mtoto wa fundi cherehani wa Sinza Madukani, wa mama lishe wa Mwenge, na wale wanaovuka kutoka Tandale na Manzese. Dawati moja linaweza kuwa na mtoto aliyesoma chekechea miaka miwili, na mwenzake ambaye siku hiyo ndiyo anashika penseli kwa mara ya kwanza. Ukiwafundisha wote kwa pumzi moja, utawapoteza wote wawili.

Ushauri wangu wa kwanza, kwa hiyo, ni majina. Kijana anayekuja kuniuliza habari ya nidhamu hunitazama kama namfanyia mzaha ninapomjibu habari ya majina. Lakini mtoto aliyeitwa "wewe mwenye shati chafu" na mtoto aliyeitwa "Zuhura" hawakusikii kwa sikio moja. Yule wa kwanza anajua kuwa humjui, na mtoto anayejua kuwa hajulikani hufanya apendavyo. Sasa, majina mia moja hayashikiki kwa siku moja. Chukua karatasi, chora madawati yako yote, na katika kila dawati andika watoto wanaokaa hapo. Waamuru wasihame kwa wiki nne. Kisha shika madawati manne kwa siku. Kama kila dawati lina watoto watatu, hao ni kumi na wawili kwa siku, na ndani ya wiki mbili umelimaliza darasa la watoto mia. Ramani hiyo itakusaidia na jambo jingine: ukitupa jicho tu unaiona nafasi iliyo tupu, na asiyekuja unamjua kabla hujafungua daftari la mahudhurio.

Unapoita mahudhurio usifukie kichwa daftarini. Ita jina, inua macho, mtazame anayeitikia. Utagundua mambo. Kuna mtoto haitikii wiki nzima, ukadhani mtoro au kiziwi, kumbe nyumbani anaitwa Chausiku na jina la Mwajuma alilipata siku ya kuandikishwa. Na kwenye shule zetu za uswahilini usiandike jina moja likakutosha. Darasa moja la Temeke lilikuwa na akina Ramadhani watano. Ita kwa jina la baba, la sivyo watano watasimama au hatasimama hata mmoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nitalikalia zaidi, nalo ni kusoma. Tathmini za Uwezo, zilizoanza hapa nchini mwaka 2010, zilikuta kuwa katika kila watoto kumi wa darasa la tatu ni takriban watatu tu waliomudu kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Jiulize, hao saba walikuwa wapi miaka miwili yote? Hawakuwa porini. Walikuwa darasani, wamekaa kwenye madawati, wanaitikia pamoja na wenzao.

Na huko kuitikia ndiko kunakoficha maradhi. Mwalimu anaweka kijiti chini ya sentensi ubaoni: mama anapika wali. Darasa zima linapaaza: "Mama anapika wali!" Mwalimu anafurahi, mwalimu mkuu anayepita barazani anafurahi, na mzazi aliyekuja kulipia daftari naye anafurahi. Ukweli ni kuwa wale ishirini wa mbele wanasoma na waliobaki wanaimba. Wameshika sauti na picha ya mama mwenye mwiko, hawakushika maandishi. Wenye madrasa wanalijua vyema jambo hili. Yuko mtoto anayeisoma Juzuu Amma bila kukwama, kumbe juzuu ameishika juu chini. Ustaadhi makini huweka kidole katikati ya aya na kumuuliza, hii ni herufi gani? Fanya hivyo hivyo. Funika picha. Anza na neno la mwisho urudi nyuma: wali, anapika, mama. Gusa neno la kati na umwite mmoja kwa jina. Hapo ndipo utakapojua una wasomaji wangapi na waimbaji wangapi.

Katika wiki ya kwanza, kabla hujaingia kwenye azimio la kazi, wapime wote, na hili linakuhusu hata wewe uliyepewa darasa la tatu au la nne. Huhitaji mashine ya kuchapa. Chukua karatasi moja ngumu, andika herufi kumi, chini yake silabi kumi, kisha maneno matano, kisha sentensi mbili, na mwisho kihadithi cha sentensi tano au sita. Wape wengine kazi ya kuchora au kunakili, wewe kaa karibu na mlango na uwaite mmoja mmoja. Dakika moja au mbili inatosha. Ukipima kumi na watano kwa siku, watoto mia unawamaliza kwa siku saba za kazi. Mbele ya kila jina andika alipokomea: herufi, silabi, neno, sentensi, hadithi, au sifuri kwa asiyejua kitu. Daftari hilo ni lako peke yako. Usilisome mbele ya darasa, na mtoto asijue kuwa kuna wa sifuri.

Baada ya hapo, kila siku tenga nusu saa ya asubuhi, watoto wakiwa hawajachoka, uwakalishe kwa makundi ya kiwango chao. Muda uliobaki warudi kwenye madawati yao ya ramani, maana ukiwaacha wasiojua kona moja siku nzima watajiita wajinga wenyewe bila kusubiri mtu. Kundi la hadithi lisome lenyewe. Kundi la neno na sentensi lipe kazi na kiongozi. Wewe kaa na wa herufi na wa silabi. Walimu wengi hufanya kinyume: huwafuata wanaojua kwa sababu wanajibu, na kujibiwa kunampa mwalimu raha.

Na unapokaa nao fundisha sauti, usifundishe majina ya herufi. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliegemea KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na sauti za herufi zilipewa nafasi yake. Mtoto aliyefundishwa kuwa hii ni "be" na hii ni "a", ukimwambia aunganishe anakwambia "bea", na hana kosa, ndivyo alivyosikia. Kiswahili kimetuhurumia kwani herufi zake karibu zote zinasomeka namna moja daima. Chukua irabu tano na konsonanti tano tu, tuseme m, k, t, b na l. Unapata silabi 25, na kutoka humo mtoto anasoma mama, baba, kuku, kiti, moto, meli, kabati, kalamu. Siku mtoto anaposoma neno kalamu ambalo hakuwahi kuliona ubaoni, mtazame uso wake. Mshahara wetu haujawahi kuwa mkubwa, lakini sehemu yake hulipwa pale.

Watakapokwama utawajua kwa mahali pake. Watakwama kwenye mwa na nywa, watachanganya ng'ombe na ngoma, na hapo inabidi uende taratibu, silabi moja kwa siku, kwa maneno wanayoyajua. Lakini usimwandikie mtoto kuwa hajui kusoma kwa sababu ameona dhambi akatamka zambi. Nyumbani kwao wote wanatamka hivyo, na huenda hata wewe. Yule wa kutoka bara anayesema kararo badala ya kalalo naye anasoma, ulimi tu ndio umetoka mbali. Kusahihisha matamshi ni kazi ya baadaye.

Yuko mtoto mwingine ambaye mwalimu mgeni humcheka bila kujua. Unampa daftari jipya, yeye analifungua kwa nyuma, na ukimwambia aandike anaanza mkono wa kulia kwenda kushoto. Huyo hana kasoro yoyote. Ametoka chuoni, alif, be na te amezijua kabla ya a, e, i, o, u, na mkono wake umeshafundishwa njia moja. Muwekee alama ya nyota ya kalamu pembeni kushoto kwa kila mstari, mwambie, huku tunaanzia kwenye nyota. Ndani ya wiki mbili tatu anatenganisha njia zote mbili bila shida. Tena mtoto wa namna hii ni hazina, kwani anajua kukaa, anajua kusikiliza na anajua kuwa maandishi hubeba sauti. Ukimcheka siku ya kwanza unaifunga hazina hiyo kwa kufuli.

Tuje kwenye kelele. Darasa la watoto mia halitakuwa kimya, na anayekwambia kuwa lake huwa kimya muda wote, kapite kwake uone watoto wanavyomtazama. Tofautisha kelele za kazi na kelele za fujo. Kwa zile za fujo usishindane nao kwa sauti, maana wao ni mia na wewe ni mmoja, na koo halina akiba. Wazoeze alama moja tangu siku ya kwanza. Piga makofi matatu, nao wajibu matatu, kisha mikono juu ya dawati. Ukishanyamazisha, sema kwa sauti ya chini ili waitafute. Walimu wa zamani wa awali walikuwa na wimbo mmoja kwa kila jambo, wa kukaa, wa kusimama, wa kutoa daftari. Mwalimu wa kiume asione haya kuimba.

Kitu kimoja nakusihi usikifanye: usimwachie kiranja chaki aandike majina ya wapiga kelele ubaoni. Nimeyaona matokeo yake katika shule zaidi ya moja. Mtoto wa miaka tisa anageuka kuwa ofisa wa mapato. Jina linafutwa kwa kipande cha andazi, kwa ubuyu, kwa zamu ya kukaa dirishani, na asiye na cha kutoa jina lake linabaki hadi mwalimu anaporudi. Tunalalamika rushwa ya wakubwa, na hapo tumeifungulia tawi. Kiranja mpe kazi ya kugawa vitabu na kufuta ubao, na kazi hizo zizunguke kila wiki.

Na fimbo? Najua wasomaji wengi wa safu hii watasema sisi tulichapwa na tukasoma. Kweli, wewe ulisoma. Lakini kumbuka mlianza wangapi darasa la kwanza na mkafika wangapi darasa la saba. Waliokimbia fimbo hawapo barazani pako kutoa ushahidi. Kwanza mwalimu mpya aijue sheria, kwa maana wengi wanashika fimbo bila kujua kuwa hawana ruhusa. Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinasema adhabu ya viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, isizidi viboko vinne, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama hayupo shuleni, na iandikwe kwenye kitabu. Kukosea hesabu si kosa la nidhamu. Kuchelewa kwa sababu ya foleni si kosa kubwa. Mwezi Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu, na shauri lake likafika Mahakama Kuu. Mwalimu aliyeamka asubuhi ile hakuamka akiwa na nia ya kuzika mtoto wa mtu. Fimbo inapoambatana na hasira haina kipimo.

Vijana huniuliza, basi nitumie nini? Tumia miguu yako. Mwalimu anayezunguka darasani ana matatizo nusu ya yule aliyekaa mezani. Anayesumbua nenda kasimame kando yake huku ukiendelea na somo, usiseme neno. Akirudia, muhamishe dawati. Akirudia tena, mbakishe dakika tano wakati wa mapumziko umalizie naye kazi aliyoiacha, mkiwa wawili, mlango wazi. Mtoto anapokosa watazamaji hupungukiwa na ujasiri wa utundu. Na uchunguze: asilimia kubwa ya watundu wangu walikuwa kwenye lile kundi la silabi. Mtoto asiyeelewa kinachosomwa ana saa tano za kujaza kwa siku, atazijaza na nini kama si kumfinya mwenzake?

Kuhusu wanaochelewa, ukiwa mwalimu wa zamu getini, uliza kwanza. Mtoto wa Dar es Salaam anayepanda daladala ana adui anayejulikana. Kondakta anamwona ana sare, anajua nauli yake ni ndogo, anamwambia ngoja linalofuata, na linalofuata nalo linasema hivyo hivyo. Nimesimama Shekilango na Mwenge nikahesabu magari sita yakimpita mtoto mmoja. Mtoto huyo alitoka kwao alfajiri. Akifika shule saa mbili kasoro robo akakuta fimbo, amepigwa na watu wawili kwa kosa la mtu wa tatu. Walimu wa zamu wakienda kituoni mara moja kwa wiki, na wakazungumza na askari wa usalama barabarani, hali hubadilika kuliko wakichapa mwaka mzima.

Hesabu nitazipitia kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa dawa yake iko jikoni na dukani. Kusanya vifuniko vya soda na vijiti, vijiti ufunge kumi kumi kwa mpira. Mtoto akifungua furushi la kumi ili atoe vijiti vitatu, ameelewa kukopa bila hotuba. Watoto wetu wengi hutumwa dukani, na wengine huuza barafu na karanga jioni. Mtoto anayekwambia papo hapo kuwa karanga za 150 kwa pakiti saba ni 1,050 hashindwi hesabu za kuzidisha. Anashindwa kujua kuwa ile aliyoifanya barabarani na hii iliyoandikwa ubaoni ni kitu kimoja. Anza na karanga, kisha andika ubaoni.

Daftari za kusahihisha ni mlima mwingine. Mwalimu mwenye daftari mia, akizibeba zote nyumbani, ama hatalala ama atapiga tiki bila kusoma, na watoto hugundua tiki ya uvivu upesi mno. Sahihisha ukizunguka, wakati wanaandika. Kila siku chukua kumi na tano tu uzisome kwa makini, na kwa kila daftari andika neno moja analopaswa kurudia. Kuhusu ubao, andika herufi kubwa, kisha nenda ukakae dawati la mwisho uone kama unasoma mwandiko wako mwenyewe jua likiwa dirishani. Na mtoto anayekunja macho au anayesogea sogea mbele mwite mzazi wake umshauri ampeleke hospitali akapimwe macho kabla hujamwandika mzito.

Mzazi naye asiitwe kwa mabaya tu. Mama mmoja wa Manzese aliwahi kuniambia kuwa akiona namba ya shule kwenye simu miguu inamlegea. Mpigie basi siku moja umwambie leo Zuhura amesoma sentensi nzima. Dakika moja hiyo itakuletea mzazi siku utakapokuwa na shida naye kweli.

Kuna la twisheni, ambalo wenzangu hawatanipenda nikilisema. Kufundisha kwa malipo jioni ili kuongeza kipato ni jambo moja. Kulibana somo asubuhi ili likamilike jioni kwa shilingi mia mbili mia tatu ni jambo jingine, na mtoto asiye na hela hiyo ndiye yule yule wa kundi la sifuri. Mshahara ulishalipia somo la asubuhi. Najua hali ilivyo, najua na mikopo ya mitaani inavyomkausha mtu damu miezi mitatu tu baada ya kuajiriwa. Kwa hiyo usikope kununua kochi la chumba kimoja.

Kwa walio kwenye shule zenye watoto wengi wa Kiislamu, mwezi wa Ramadhani pangeni mapema. Watoto wadogo hushindana kufunga hata pale wazazi hawajawalazimisha, na kufikia saa tano midomo imekauka. Kusoma na hesabu ziwe vipindi vya kwanza, michezo ya juani isogezwe, na mwalimu asimwamuru mtoto kufungua mbele ya wenzake wala asimsifu anayejitesa. Mzazi nawe, kama amedaka usingizi saa nane kwa sababu ya daku, mwambie mwalimu.

Mwisho wa wiki ya sita, toa tena ile karatasi ngumu na uwapime upya wale wa sifuri, wa herufi na wa silabi. Wengi watakuwa wamepanda ngazi moja au mbili. Wale ambao hawajasogea kabisa, na katika watoto mia watakuwepo wachache, watazame mmoja mmoja: yupo asiyesikia vizuri, yupo asiyekula asubuhi, yupo anayekuja siku mbili kwa wiki kwa sababu analea mdogo wake. Peleka majina yao kwa mwalimu wa taaluma na mwalimu mkuu yakiwa na maelezo, sio malalamiko. Rudia kupima kila baada ya wiki sita. Na Desemba, kabla hujaenda likizo, mtafute mwalimu atakayewapokea watoto hao Januari, mkabidhi daftari lile mkononi, kaa naye saa moja, mpitie jina kwa jina.